Nusu Mbili za Shali ya Nélida

Jumapili, 2 Juni 2013
Nusu ya kwanza ya shali ya harusi ya binti yangu Nélida imekamilika! Wiki tano. Rangi nyekundu ya kuchemsha wadudu wa mpungate, maua ya viazi, macho ya ndege – yote kutoka kichwani, bila karatasi. Kijiji hiki hakina mkono kama wangu. Humu daftarini naweza kusema. Imebaki nusu ya pili, kisha nazishona pamoja. Harusi 24 Agosti. Muda upo.

Jumatano, 5 Juni
Kutanda nyuzi ni kazi ya wawili: huyu anakaa kigingi hiki, yule kile, donge la uzi linarushwa huku na huku. Nusu ya kwanza nilitanda na wifi Hilaria. Lakini jana kwenye kunyoa kondoo kasema mbele za watu eti nyekundu yangu ni damu ya kuku mgonjwa! Simwendei ng'o. Nimemketisha mume wangu, Eustaquio. Anavuta uzi utadhani anafunga nyumbu. Wapita njia wanacheka. Wacheke.

Alhamisi, 4 Julai
Nafuma tu. Mkanda wa mtambo wa kufumia umenichuna kiuno. Nélida kauliza kama shangazi yake atakuja harusini. Nikasema harusi si ya shangazi.

Jumapili, 14 Julai
Nusu ya pili nimeifungua mtamboni. Imenywea! Uzi uliovutwa mno, ukiachiwa unarudi – nilijua, nikanyamaza. Ni fupi kuliko ya kwanza kwa vidole vinne, maua hayakutani.
Eustaquio: "Si ukate ile ndefu?"
Kata! Miaka ishirini na mbili nyumba moja na mfumaji, bado hajui. Nguo yetu hufumwa ikiwa imefungwa pindo zote nne, ukiikata inafumuka. Kuikata ni kuiua. Bibi harusi avae maiti?
Nimelia. Kisha nikala, nikahesabu siku. Arobaini na moja. Zinatosha, nikitanda upya sasa, na mkono ule ule wa mwanzo, wa wifi. Hasira hasara.

Jumanne, 16 Julai
Naandikia mlangoni kwa Hilaria. Nimesema: "Wifi, nimekuja na uzi." Anamenya viazi, haraka hana.
Mwishowe: "Ndiyo ile damu ya kuku?"
"Ndiyo, wifi. Kuku mgonjwa kabisa."
Hajacheka. Lakini uani kwake, upande wa jua, kuna vigingi vinne vimepigiliwa, udongo bado mbichi. Nimevipima kwa macho. Ni urefu wa shali ya Nélida.
Sasa ameweka kisu chini, anajifuta mikono –