Mizizi Hii Msiichemshe

Lubumbashi, nyumbani kwa Shangazi Aziza

Baba yangu mpendwa,

Amani ya Mungu ikukute hapo ulipoinamia cherehani, maana najua barua hii itakufikia kazini. Hamjambo wote? Mgongo wa Mama umetulia? Na kifua chako je, au bado unakohoa asubuhi na kusingizia vumbi la vitambaa? Mimi ni mzima, nakula vizuri. Joto la Oktoba linatuchoma, na ndege za uwanja wa Luano zinapita juu ya bati letu mpaka nimeacha kuinua kichwa. Tafadhali simamisha cherehani kwanza, Baba. Barua hii haisomwi huku mguu ukiendelea kukanyaga.

Anayekuletea ni Ramazani, yule muuza vitenge, ambaye anapanda treni kurudi huko. Nimempa pia kifurushi kilichofungwa kwa kitambaa cha kichwa alichoniachia Mama. Msikifungue kabla hujamaliza kusoma. Kama Mama amekwisha kukifungua, na ninavyomjua amekwisha, basi si neno, lakini asichemshe kilichomo.

Unakumbuka simu yetu ya mwezi wa nane. Nilikuambia nimeanguka mtihani wa biolojia, nikasikia cherehani yako ikisimama. Kisha ukaniuliza, bila ukali wowote, hiyo biolojia inafundisha nini hasa. Nami, mwanafunzi wa chuo kikuu, nikajibu kwamba inafundisha mambo ya viumbe. Nyuma yako nikamsikia Baba Mkubwa akisema kwamba viumbe hata kuku anavijua. Ndipo ukaamua: nirudie mtihani, nikianguka tena nirudi Kasongo nikae dukani na Mama, na yule mchumba aliyeniletea Baba Mkubwa asikilizwe. Nilipouliza je, nikipita, ulisema, "Ukipita, tutaongea." Sikukasirika na uamuzi wako. Nilikasirika na lile swali, kwa sababu lilikuwa zuri na mimi sikuwa na jibu.

Nikuambie kwa nini nilianguka. Huku profesa anatoa maandishi ya somo lake kwa Kifaransa, tunayaita silabi, na mimi niliyasoma kama tulivyosomeshwa kwa maalim: kushika moyoni, neno kwa neno, mpaka mwisho. Wewe mwenyewe ulikuwa ukiwaita wageni waje kunisikiliza nikisoma sura ndefu bila kukwama, na kichwa kile kile nimekuja nacho huku. Profesa angeniambia nianze ukurasa wa kwanza ningemaliza wote, pamoja na nukta zake. Lakini aliniuliza swali la katikati, akaligeuza, akataka mfano. Nikasimama pale kama mtu aliyesukumwa jukwaani katika harusi ya watu wengine.

Sasa sikiliza habari ya mizizi.

Binti wa Shangazi, Neema, alipata mchumba wa Kipushi, na wazee wa upande wa mwanamume wakatangaza kwamba wanakuja kuposa. Katika nyumba hii mgeni wa namna hiyo hapokewi kwa soda peke yake. Anapokewa kwa munkoyo, kinywaji cha hapa kinachotengenezwa kwa uji wa mahindi na mizizi ya porini. Usishtuke, Baba, na umtulize Baba Mkubwa: kikinywewa siku ile ile ni kitamu tu, wala si pombe. Mwenye kazi hiyo ni Bibi Ngosa, mama wa mume wa Shangazi, bibi mwembamba mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Asubuhi ile alipika sufuria kubwa ya uji mzito, akanipa mizizi, akaniambia niitwange, niiloweke, na uji ukipoa kidogo nimimine yale maji ndani na kukoroga. Kisha akaenda sokoni kutafuta vikombe.

Nilipoitazama mizizi ile nikaona udongo kila mahali. Na mimi si nimesoma vijidudu? Kurasa nne za vijidudu nimezishika moyoni. Nikajiambia kwamba wakwe wa Neema hawataugua matumbo kwa mikono yangu. Baada ya kuitwanga nikaitia motoni ikachemka sawasawa, nikamimina maji yake katika uji, nikakoroga huku nikijisifu.

Uji ukabaki uji. Nilikoroga mpaka bega likauma, na mwiko ulikuwa bado unasimama wima peke yake katikati ya sufuria. Simu ikaja kwamba wageni wamekwisha kutoka Kipushi. Neema, nywele zimesukwa nusu, akaja kuchungulia sufuria na machozi yakaanza kumlenga, kwa kuwa mama wa mchumba wake husema waziwazi kwamba wasichana wa mjini hawajui kitu cha jikoni. Shangazi akaanza kuhesabu chupa za soda.

Bibi Ngosa alirudi, akaonja maji ya mizizi kwa ncha ya ulimi, akanigeukia.

"Weye, hii mizizi uliitokotesha?"

Nikasema ndiyo, kwa ajili ya usafi.

"Munkoyo habaitokoteshake, mwana. Ukiitokotesha, inakufa."

Hakunigombeza zaidi. Alikuwa na mizizi mingine imening'inia juu ya jiko. Akaiosha kwa maji tele, nikaitwanga, tukailoweka kwa maji baridi. Uji akaupasha moto kidogo tu, akajaribu kwa kidole ahakikishe bado kinavumilia kukaa, akamimina kikombe kimoja cha yale maji, akanipa mwiko. Baba, nilisikia kwa mkono wangu. Mwanzo mwiko ulikuwa mzito kama kwanza. Nikazungusha, nikazungusha, ukaanza kulegea, halafu ukawa mwepesi, halafu nikawa nakoroga kitu chepesi kinachomiminika, na Bibi hakuwa ameongeza maji ila kikombe kile kimoja. Nikaonja. Uji ambao haukutiwa sukari hata chembe ulikuwa mtamu.

Nikapiga kelele. Shangazi akadhani nimeungua.

Katika silabi yangu kuna kurasa juu ya vitu vinavyoitwa vimeng'enya. Mwili wa kila kiumbe, mtu au mmea, unavitengeneza ili vifanye kazi yake ndogondogo: hiki kinakata, kile kinaunganisha. Wanga wa mahindi ni mnyororo mrefu wa sukari, ndiyo maana uji ni mzito na hauna utamu. Kimeng'enya cha mizizi kinaukata mnyororo ule vipande vipande, uji unalegea, na vipande vinakuwa sukari. Kimeng'enya hakifi kweli, maana hakina uhai wa kufa, lakini moto mkali unaharibu umbo lake, na kikiharibika umbo hakirudi kazini. Hayo yote niliyajua kwa moyo, Baba. Niliweza kukusomea kwa Kifaransa nikiwa nimefumba macho, na asubuhi ile ile nikachemsha mizizi.

Wageni walikuja, wakanywa, wakaongezewa. Mama wa mchumba aliuliza nani ameutengeneza, na Bibi Ngosa akaninyooshea kidole bila kupepesa jicho. Posa ikakubaliwa. Lakini mimi sikusikia nusu ya maneno, nilikuwa nimerudi chumbani na silabi, nikiisoma kama mtu anayesoma barua yake mwenyewe.

Kesho yake nikaomba uji kidogo, nikaugawa katika vikombe. Kimoja nilitia maji ya mizizi mibichi, kingine maji ya mizizi iliyochemshwa, kingine maji matupu, ili nijue kwamba si maji yanayoulegeza. Kikombe cha mizizi mibichi peke yake ndicho kilicholegea. Kisha nikafanya jambo ambalo Mama asilisikie: nikatema mate katika kikombe kingine. Kikalegea nacho! Mate yetu yana kimeng'enya cha kazi hiyo hiyo. Ukitaka kuhakikisha, tafuna kipande cha muhogo uliochemshwa, usimeze, endelea tu kutafuna. Utasikia utamu unakuja wenyewe mdomoni. Bibi Ngosa alipoona vikombe vimepangwa dirishani akauliza kama nimefungua duka, na alipojua habari ya mate akavitoa vikombe vyake vyote chumbani kwangu.

Tangu siku ile nilibadili namna ya kusoma. Kila ukurasa niliuliza: hiki nitakiona wapi? Katika chumba cha mazoezi niliomba kuangalia tena ngozi ya kitunguu kwa hadubini, ile ile niliyoitazama mwaka mzima nikisubiri zamu iishe. Ni vyumba vidogo vimepangwa safu kwa safu, kama vile viraka vya shuka unavyovishona kwa mabaki. Hivyo vyumba ndizo seli. Kitunguu kimejengwa kwa seli, na mimi, na wewe, na kuku wa Baba Mkubwa pia.

Siku ya mtihani tulisimama nje tangu asubuhi. Profesa ni Muluba wa Kasai, mtu mzima asiyecheka, na unapoingia unachagua karatasi iliyokunjwa mezani kwake. Yangu iliuliza habari ya seli. Nikaanza kusoma kutoka moyoni, zile sentensi za zamani zikaanza kumiminika zenyewe, naye akainua mkono kunisimamisha, sawa kabisa na mara ya kwanza. Akataka nimwambie kitu ambacho seli inakifanya, na nimekijuaje. Lakini safari hii nilikuwa nacho.

Nikamwambia habari ya munkoyo. Nilianza kwa Kifaransa, Kifaransa kikaniishia kwenye mwiko, nikaendelea kwa Kiswahili, naye hakunikataza. Nikamweleza vikombe, hata kile cha mate. Aliweka kalamu chini.

"Bon. Na kama ile mizizi unaitokotesha kwanza, itakuwa aje?"

"Professeur, uji unabaki uji. Miye niliifanya, na bakwe balikuwa mu njia."

Baba, yule mtu alicheka. Msaidizi wake aligeuka kumtazama kana kwamba kabati limekohoa. Kisha akaniuliza mengine, mengi, na nilipokuwa sijui nilisema sijui, nikasema ningejaribuje kujua. Akaniambia nitoke, aingie mwingine.

Matokeo yalibandikwa ukutani. Watu walisukumana, nikapita chini ya mikono yao, nikaona jina langu. Nimepita biolojia. Nimepita mwaka mzima. Nilitoka pale mbio, nikapita hata mtaa wa Golf kwenye yale majumba yenye maua juu ya kuta, nikicheka peke yangu, na walinzi wa mageti wakanisindikiza kwa macho.

Sasa lile swali lako. Inafundisha nini hasa? Nitakujibu kwa kazi yako. Wewe hukati kitambaa kabla hujaweka juu yake patroni, ile karatasi yenye umbo la nguo. Kila seli ina patroni yake ndani, imekunjwa ndogo kuliko tunavyoweza kufikiri, na kabla seli haijagawanyika inainakili kwanza, ili kila upande ubaki na yake nzima. Patroni yangu mimi, nusu ilitoka kwako na nusu kwa Mama. Ndiyo maana nina vidole vyako virefu na ubishi wa Mama, ingawa huo ubishi profesa hajaufundisha bado. Biolojia inafundisha kusoma patroni ya vitu vilivyo hai, jinsi vinavyokatwa na kushonwa, na kinachotokea moto ukizidi. Mwambie Baba Mkubwa haijanipunguzia imani. Siku ya kile kitunguu nilisema Subhanallah kwa sauti mpaka jirani yangu akaniambia ninyamaze.

Nisalimie Mama, na umwambie kitambaa chake kimefanya kazi ya heshima. Nisalimie mdogo wangu Issa, aache kuchezea mkasi wako. Nisalimie Nyanya, mama yako, mwambie mjukuu wake bado anasali na anakula. Nisalimie maalim wangu, mwambie alichonifundisha cha kushika moyoni hakijapotea, nimeongeza tu kuuliza. Shangazi Aziza anakusalimu wewe kaka yake, na Bibi Ngosa anakusalimu bila kukujua. Na Baba Mkubwa namsalimu kwa heshima zote, maana yeye ndiye nitakayemhitaji.

Fungua kifurushi sasa. Hiyo ni mizizi ya munkoyo, Bibi Ngosa mwenyewe ameichagua. Mama apike uji mzito wa mahindi, bila sukari. Mizizi ioshwe vizuri, itwangwe, ilowekwe kwa maji baridi. Uji upoe mpaka kidole kivumilie. Mumwite Baba Mkubwa akae karibu na sufuria, aone kwamba hakuna anayeficha kitu mkononi, kisha mmimine. Mnywe siku hiyo hiyo, kwa sababu mkiacha mpaka keshokutwa kitageuka kingine, na hapo atakuwa na haki ya kukasirika.

Ulisema nikipita tutaongea. Nimepita, Baba, na uandikishaji wa mwaka wa pili uko wazi mpaka mwisho wa mwezi. Usimpe Mama mwiko, ushike wewe. Koroga mpaka usikie mkono wako umekuwa mwepesi, halafu mpe Baba Mkubwa naye akoroge, umwulize swali lile uliloniuliza mimi. Akikosa jibu, nipigie simu uniambie nibaki nimtafutie.

Binti yako,
Riziki