Mwano Uliotoka Kwenye Mahame Yetu

Mayu wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa Kisukuma chetu: mwangaluka. Ila safari hii nakuomba usiitikie.

Nakuandikia nikiwa Bariadi, kwenye meza ya wauguzi, na mawingu yameanza kujikusanya. Unajua ninavyoiogopa mvua, mimi Kabula uliyenizaa ndani yake.

Nilipokuwa mdogo pale Nkoma ulinifundisha kupiga mwano. Ulisema ule ukelele wa kuomba msaada hautoki kooni, unatoka tumboni. Nikajaribu, nikalia kama kifaranga aliyekanyagwa, ukacheka mpaka kanga ikakudondoka. Kisha ukaacha kucheka. "Anayeusikia haulizi ni wa nani," ukaniambia. "Anaupokea, anaupiga tena ili wa mbele asikie, ndipo anakimbia." Ulikuwa mkunga. Mzazi akizidiwa ulipanda kichuguu cha nyuma ya nyumba, ukaita, na wanaume wakaja na kitanda cha kumbebea.

Tangu tukuzike nyumba imeanguka. Kwetu sasa ni mahame, mayu. Imebaki minyaa ya ua na kile kichuguu chako.

Ulipoondoka nilikuwa naunda kikosi cha wahudumu wa afya wa kujitolea, mkoa mzima, kwa ajili ya maafa. Mwanzoni tuliitana kwenye kundi la wasapu. Mvua kubwa ya kwanza ikaangusha mtandao, na kundi likalala usingizi wa pono. Ndipo nikakukumbuka, nikapendekeza mwano. Dokta Shabani, aliyehamishiwa Nkoma kutoka Tanga, alicheka sana. "Sista, kwetu ukipiga kelele hivyo watu wanafunga milango!" Lakini alijifunza, ingawa sauti yake ni mbaya kuliko yangu.

Msimu uliopita, lori la vibarua wa palizi ya pamba lilizama kwenye kivuko. Simu zote zilikuwa zimekufa. Mchana ule mwano ukapita Nkoma, kaya kwa kaya, na kikosi kikafika mtoni na kamba na machela wakati maji yamefika vifuani mwa watu. Wote walitoka hai. Nililia mbele za watu, wala sikuona haya.

Kisha tukamtafuta aliyeita, tumshukuru. Kila mmoja alisema aliupokea kwa jirani yake. Tukarudi nyuma, kaya kwa kaya, mpaka kwa mama Minza, aliyepakana nawe.

"Mimi niliupokea kutoka kwenu," akasema.

"Kwetu hakuna mtu, mama."

"Nafahamu, Kabula. Si mama yako tulimzika sote?"

Akaendelea kupepeta mtama wake.

Habari ina miguu. Ilifika Lingeka na Nyalikungu kabla yangu. Wanakikosi wakaanza kurudisha mabegi ya huduma ya kwanza, mmoja mmoja, kwa adabu. Wanaosali na wasiosali, wote walisema neno moja: wito wa marehemu hauitikiwi, anayeitikia humfuata. Na mvua ndiyo hiyo inakuja. Lori jingine likizama, hakuna atakayetoka mlangoni, na kazi yangu yote itakuwa bure.

Jumamosi nikaitisha zoezi. Niliwaambia nitapiga mwano mwenyewe, mchana kweupe, juu ya kichuguu chako, ili wajue kuwa sauti ile inaweza kutoka kwa mtu aliye hai. Wakakubali kwa shingo upande. Nikapanda. Upepo ulikuwa umetulia, na ng'ombe wa mama Minza walikuwa wameinua vichwa, wote wakitazama nilipo. Nikavuta pumzi.

Sikupata nafasi ya kuitoa. Mwano ulipokelewa kwa mama Minza, ukapokelewa kwa wa mbele yake, ukaenda zake hadi barabarani, na mimi sijafungua mdomo. Sikumsikia aliyeita, mayu. Nilisikia walioupokea tu.

Walikuja wote, wakihema. Dokta Shabani akanishika mkono kwa furaha. "Kumbe ni wewe, Sista! Sauti ileile ya siku ya lori. Tuliogopa bure!"

Wakanitazama, wakisubiri. Niliwaangalia watu wale, walivyokuwa tayari kukimbia tena.

"Ni mimi," nikasema.

Basi wamechukua mabegi yao. Woga wao umekwisha, umebaki wangu tu. Lakini kinachoniuma kuliko woga ni wivu. Mama Minza anakusikia, hata Mtanga wa watu anakusikia, na mimi uliyenizaa sikusikii.

Mvua ikija, ita. Wakiuliza, nitasema ni mimi, kila mara. Ila siku moja nikiwa peke yangu pale kichuguuni, kabla mama Minza hajaupokea, niache na mimi nikusikie.

Najua wanachosema juu ya anayeitikia. Nitaitikia.

Nakuacha na minyaa yako, mayu. Tulia huko.

Mwanao wa mvua,
Kabula