Mwanafunzi wa Fundi Hayupo, na Afisa Anakuja

Shangazi mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijaharibu zaidi, maana nimeshaharibu vya kutosha, na nikuambie mapema kwamba sikuandikii ili unionee huruma, nataka tu kujua nipite wapi, kupita nitapita.

Mimi na mume wangu tuna karakana ya kutengeneza miguu ya bandia, vyumba viwili tu, kimoja cha plasta na kingine cha mazoezi chenye vyuma vya kushikilia ukutani, na fundi wetu mkuu ni mgeni kutoka nchi nyingine, watu wanamwita Taratibu kwa sababu ndilo neno la kwanza alilojifunza kwetu na mpaka leo ndilo analomwambia kila mgonjwa anayejaribu kusimama, na huyu mtu Shangazi ana mikono ya ajabu, wanakuja watu waliokata tamaa, kigutu kimejaa vidonda kwa sababu ya mguu wa bandia uliokaa vibaya, yeye anaukwangua mguu huo hapa, anaulainisha pale, anarudia tena na tena bila kununa, na mtu anatoka mlangoni akitembea mwenyewe.

Sasa tulipomwombea kibali cha kazi tulipewa sharti, lazima awepo raia mmoja wa kufundishwa naye ile kazi, ili siku mgeni akiondoka ujuzi ubaki, nami nikakubali haraka haraka, na mama mkwe aliposikia akasema nafasi hiyo ni ya mwanawe wa mwisho, mdogo wa mume wangu, ambaye nyumbani tunamwita Bosi kwa sababu tangu azaliwe hajafanya kazi ya mtu, na mimi kwa kuogopa maneno nikaandika jina lake. Bosi alikuja, plasta ikamwagikia viatu vyake vyeupe, akaenda kuvisafisha na hajarudi mpaka leo. Ila kila ripoti tuliyopeleka ofisi ya vibali ilisema mwanafunzi anaendelea vizuri, niliandika mimi, na Taratibu akatia sahihi, wakati huo alikuwa hajui kusoma lugha yetu.

Kibali kinakaribia kuisha, nimeomba kiongezwe, na afisa amepiga simu kwamba wiki ijayo anakuja kumwona mwanafunzi akimvalisha mgonjwa mguu. Bosi amepata akili ghafla, anasema avae aproni, Taratibu amalize kila kitu mapema, yeye akaze tu mkanda wa mguu mbele ya afisa, mume wangu anasema ni mambo ya dakika chache nisiyakuze, na mama mkwe kanipigia kuniambia nikimwaibisha mwanawe nisikanyage kwake tena. Kumbe Taratibu siku hizi anasoma, akaniomba nakala za zile ripoti, akazisoma zote akiwa amesimama, akaniambia, "Mama, mimi sichezi huo mchezo. Tukigundulika, wewe utabaki na karakana yako. Mimi nitafukuzwa." Tangu hapo ni salamu tu, na nimeona ameanza kupanga vifaa vyake kwenye sanduku.

Kuna binti mmoja wa shule anakua mbio, mguu wake wa bandia umeshakuwa mfupi, anatembea akichechemea, na wa kumtengenezea mwingine ni Taratibu peke yake. Fundi haondoki Shangazi, hilo nimeapa. Je, nimwache Bosi akaze huo mkanda yaishe, au niseme ukweli nikose vyote?

Mama Karakana

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole, lakini pole yangu leo ni fupi, maana wiki ijayo si mbali na wewe bado unapiga hesabu za mkanda.

Huo mchezo uufute kabisa. Afisa akimwuliza Bosi swali moja tu, kwa nini umekaza hapa na si pale, nyote mtabaki mnaangalia dari. Na huyo mgonjwa mtakayemvalisha, mmeshamuuliza kama anataka kuwa mwigizaji wenu? Mume wako anaona ni dakika chache kwa sababu si yeye atakayepandishwa ndege.

Lakini ninalokugombezea hasa ni jingine. Umenieleza Bosi na viatu vyake, ukanieleza mama mkwe na simu yake, halafu sahihi ya fundi ukaipitisha kimya kimya kama mtu anayeficha vumbi chini ya zulia. Hapo ndipo ulipomuumiza mtu. Ulimpa mgeni karatasi asiyoweza kuisoma, akakuamini, akatia sahihi uongo wako. Leo unaapa haondoki, kwa ajili ya karakana, kwa ajili ya binti, vizuri sana, nami namwonea uchungu yule mtoto. Kwa ajili ya fundi mwenyewe sijaona hata neno.

Kwa hiyo anza naye. Kabla hujaenda popote, mwite, funga mlango, muombe radhi kwa lugha anayoielewa vizuri, na umwambie unakwenda kusahihisha. Usimwombe abaki. Atabaki akiona unachofanya.

Kisha tafuta wakili anayezijua sheria za vibali, tena wa kweli, si yule jirani anayemjua mtu ofisini. Andikeni pamoja maelezo ya kusahihisha ripoti zote, uyapeleke mwenyewe kwa afisa kabla yeye hajaja kwako. Kwenda bila kuitwa ni tofauti kubwa na kukamatwa. Andika wazi nani aliandika zile ripoti na nani hakuweza kuzisoma. Kama kuna adhabu, iangukie karakana. Ombeni ruhusa ya muda ili binti atengenezewe mguu wake wakati shauri linaangaliwa, na ikiwa kibali kitaisha kabla ya jibu, fundi aweke vifaa chini siku hiyo hiyo, hata mgonjwa awe mlangoni. Usimbebeshe kosa la pili.

Nafasi ya mwanafunzi itangaze hadharani, na fundi mwenyewe ndiye achague. Bosi akiitaka, aje apange foleni na wenzake, na avae viatu vya kazi. Mama mkwe atanuna. Mwache anune, mumeo ndiye mwanawe, aende yeye akambembeleze, na wewe umwambie hivyo leo wakati wa chakula.

Siwezi kukuahidi kwamba utashinda. Inawezekana wakamkatalia, ukalia, na ukaanza kutafuta upya. Lakini mtu aliyefukuzwa kwa uongo aliousaini huenda asipewe kibali tena popote, na mtu aliyesafishwa jina anaweza kurudi.

Siku ya kwenda ofisini, fundi asitangulie kuingia. Ingia wewe. Kabla hujakaribishwa kiti, sema: kosa ni langu, huyu hakujua. Ukishalisema hilo, ndipo ukae.