Onyo Chini ya Hatua

Jumanne, 14 Machi 1995. Kambi ya wakimbizi ya Dagahaley.

Kosa ni langu. Katika maelekezo ya pampu ya kisima niliweka kila hatua kwanza, onyo lake chini yake. Kwenye kompyuta yalipangika vizuri. Lakini Abdi, mwendesha pampu, hajui kusoma. Mimi husoma kwa sauti, naye hutenda papo hapo.

Leo nilisoma: "Zima injini. Shika mkanda uukaze." Injini ikanyamaza, mkono wake ukaenda. Gurudumu la mkanda lilikuwa bado linazunguka, na onyo lilikuwa mstari unaofuata. Sikuwa nimelifikia.

Mkono ukasimama upana wa kidole kimoja tu kutoka kwenye mkanda.

"Mbona umeacha?"

"Mwalimu, si wewe umesema ngoja gurudumu isimame?" Akacheka. "Wallahi, leo sauti yako imekuwa ya mzee."

Hayo ndiyo maneno ya onyo langu. Karatasi niliichapa asubuhi, hakuna aliyekuwa amesomewa, na pale kisimani tulikuwa wawili.

Nimeshalipandisha onyo juu ya hatua. Kesho anataka nimsomee tena, nami nimekubali. Sikumwambia kwamba aliposikia onyo lile, mdomo wangu ulikuwa umefungwa.