Safari ya Masaa Saba

Jumapili, 2 Machi
Tiketi ya ndege ya mke wangu imefika. Binti yetu wa mwisho kajifungua, anamtaka mama yake. Mimi hakuniita. Tiketi ya kurudi haina tarehe — eti watapanga hukohuko.
Tiketi nimeisoma mwenyewe, kwa miwani ya kazi. Kuondoka saa tatu asubuhi, kufika saa kumi jioni, siku hiyohiyo. Masaa saba! Basi la kwenda kwa dada yangu linakula kumi, pancha hujahesabu. Miaka yote binti analia kwenye simu kwamba yuko mbali — kumbe aliye mbali ni shangazi yake!
Nikamwambia Afande (ndiyo jina la mke wangu, ila si mbele yake). Akauliza, una hakika? Kuniuliza mimi! Fundi saa tangu yeye hajajua kunipigia kelele!

Jumatatu, 3 Machi
Kinyozi wa mlango wa pili anadai hadi kwa binti ni kilomita elfu kumi na tatu, kaona kwenye simu. Nikamwambia akanyoe.
Afande anafungasha. Kajaza mkebe wa maandazi. Nikamwambia, mama, masaa saba tu, hata njaa haijaamka! Akautoa. Akaniuliza kama nitamsindikiza. Safari ya masaa saba inasindikizwa? Akafunga zipu. Kwa nguvu.

Jumatano, 5 Machi
Kaondoka. Teksi ilipiga honi nami nimefungua saa ya mteja, skrubu ndogo kama chawa. Nikampungia na kibano. Sikuinuka. Akasema, "Haya, baba." Basi.
Saa kumi — simu kimya. Saa kumi na moja — kimya. Saa zote ukutani zinagonga, kila moja na uongo wake. Saa kumi na mbili nikaenda kwa kinyozi. Mimi, kwa kinyozi! Alicheka mpaka mteja akashika sikio lake.
"Mzee, hiyo saa kumi ni ya kwao! Wenzetu wako nyuma masaa manane. Mama yuko angani masaa kumi na tano."
Kumi na tano! Na mkebe uko hapa mezani, unanitazama.

Alhamisi, 6 Machi
Binti kapiga asubuhi. Mama kafika salama, mjukuu kashamkojolea. Nikasema nipe niongee naye. Eti amelala. Mbona nasikia mtu anacheka mpaka anakohoa? Binti akasema ni televisheni. Televisheni ina kikohozi cha Afande!
Haya, anarudi lini? Minong'ono. Kisha:
"Baba, mama anasema usijali. Ni masaa saba tu."
Simu ikakatika. Au ilikatwa.
Nimeishusha saa kubwa ya ukutani, nikairudisha nyuma masaa manane, nikaitundika tena. Kinyozi kachungulia, kasema imeharibika. Nimekaa chini ya saa hiyo na mkebe, andazi limekuwa gumu kama kisigino. Masaa saba ya saa ipi — ya huku au ya kule?