King'ora cha Pikipiki ya Mkunga

4 Mei

Wametaka kuiba pikipiki yako, mwanangu, mchana kweupe, na wameshindwa!

Haya, sasa nisalimie kama mtu aliyelelewa. Hujambo, mkunga wangu? Kifua kimepona? Huko chuoni mnapata maji ya moto ya kuoga au mnatetemeka tu? Mimi ni mzima, goti tu ndilo lenye maneno mengi asubuhi. Shangazi yako anakusalimu na anauliza utarudi na cheti au utarudi na mchumba. Nimemwambia asubiri vyote viwili.

Turudi kwa mwizi. Nilikuwa ndani napinda suruali ya mwalimu, mara king'ora kikalia kule uchochoroni ulikoiegesha. Mwanangu, ile sauti! Nikatoka mbio na mkasi mkononi, mtandio kule, kiatu huku. Nikaona kisigino tu cha mtu kikiruka ukuta. Nikampigia kelele, "Rudi! Rudi nikupime sanda!" Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi sikutetemeka hata kidogo, unanijua.

Basi mtaa mzima ukaja kuangalia. Ningewafukuza? Mtu ana binti mkunga, binti kapewa pikipiki na zahanati awafikie wajawazito huko milimani, halafu mama mtu anyamaze kimya? Nikawaonyesha kila kitu. Mnyororo unaopita gurudumu la nyuma na kuzunguka nguzo ya kibaraza. Lile kufuli dogo linalobana sahani ya breki huku mbele. Usukani ulivyokunjwa ukafungwa. Kisha nikaitikisa kidogo tu ili king'ora kilie, wakapiga makofi. Kuna kijana mmoja mgeni, mwenye adabu kweli, ndiye aliyeuliza maswali ya maana: king'ora kimekaa upande gani, na mnyororo ni wa chuma gani. Nikamjibu vizuri, asije akadhani mama wa mkunga hajui mambo. Hapo hapo akaniagiza nimshonee ovaroli. Umeona? Pikipiki yako inaniletea mpaka wateja.

Barua hii nampa dereva wa gari la dawa, maana huko kwenu simu haishiki. Kula, usisome tu.

Mama yako, mama wa mkunga


10 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Kifua kimepona, maji ni ya baridi, na mwambie shangazi mchumba hajapatikana. Goti ulipake ile dawa niliyokuachia, usiifanye pambo la kabati.

Mama, kuhusu sanda nilicheka peke yangu bwenini. Halafu nikaisoma barua mara ya pili, kicheko kikaisha. Tafadhali usimwonyeshe mtu tena zile kufuli. Hata mmoja. Hata akisifu. Aliyeruka ukuta hakujua cha kufanya, ndiyo maana alikimbia. Sasa mtaa mzima unajua.

Fanya hivi, nakuomba. Mnyororo usilale chini, maana ukigusa sakafu wanaupiga nyundo. Ukaze juu, uning'inie. Pikipiki uifunike turubai kuukuu, ile chafu ya mkaa, asiyeijua asiitamani. Funguo usizitundike msumarini nyuma ya mlango kama ulivyozoea, zikae kiunoni mwako.

Na kubwa kuliko yote: king'ora kikianza kulia ovyo bila mtu kuonekana, usikizime na usikinyamazishe. Mlinzi wa hapa chuoni aliibiwa hivyo. Walikuwa wanapita wanaitikisa pikipiki yake wanajificha, leo, kesho, mpaka akachoka akakizima mwenyewe. Siku iliyofuata akakuta nafasi tupu.

Yule kijana wa ovaroli ni mtoto wa nani? Anakaa wapi?

Kule milimani kuna mama aliyepoteza watoto wawili njiani wakati anabebwa kwa machela. Safari hii niliahidi nitamfikia mimi. Bila ile pikipiki simfikii. Ndiyo maana roho iko juu.

Mwanao


11 Mei

Mwanangu kipenzi,

Umeamkaje? Mimi nimeamka na usingizi machoni, lakini afya ninayo. Barua yako sijaiona. Naambiwa gari la dawa limekufa njiani. Hii nampa mwalimu, anasafiri kuja huko kwenu, na suruali yake imemkaa kama kazaliwa nayo.

Pikipiki yako imekuwa na kidomo! Inalia asubuhi, inalia nikiweka chai mdomoni. Nikitoka, hakuna mtu. Nikirudi kukaa, hiyo tena. Jirani ana kale kachanga ulikokazalisha mwenyewe, kanashtuka mpaka kanakuwa kama ubao. Jana akaja na mtoto mkononi, analia yeye na mtoto analia. "Mama mkunga, nitafanyaje mimi?" Nikaona aibu. Mtoto aliyeletwa duniani na binti yangu aje kuuliwa na pikipiki ya binti yangu?

Bahati nzuri yule kijana alikuwa amekuja kupimwa. Akasema ni joto la bati, ving'ora vya siku hizi vinadekezwa, havitaki jua. Akaniambia, "Mama, kwa ufundi wako huwezi kukishonea kamto?" Nikacheka. Ningeshindwaje? Nimekata vipande vya blanketi, nikajaza pamba, nikakivisha na kukifunga kwa kamba za ovaroli. Sasa kikilia ni kama nyuki ndani ya chupa. Kijana alinishikia kule chini nilikoshindwa kufika kwa ajili ya goti. Akasema hajawahi kuona mshono kama ule. Nami sijawahi kuona kijana anayemsikiliza mtu mzima namna hii.

Aliniuliza kama sichoki kukaa peke yangu. Nikamwambia nina cherehani, nina redio, na nina binti anayekaribia kurudi.

Mama yako anayekuombea


16 Mei

Mama,

Nisamehe, leo salamu zitakuwa fupi. Mimi mzima. Wewe je? Nijibu hilo kwanza kabla ya lolote.

Kitoe kile kimto. Ukimaliza kusoma mstari huu inuka ukakitoe. Si joto, Mama. Ni yeye, au ni wenzake. Kakushikia kule chini usikoona, je, alishika nini?

Usimfungulie tena mlango ukiwa peke yako. Ovaroli apelekewe na mtu mwingine. Nimeomba ruhusa nije, wamenikatalia mpaka mtihani wa vitendo uishe. Nimemwandikia mganga mkuu wa zahanati, na gari la dawa limepona, dereva atakufikishia hii pamoja na ile ya kwanza.

Sasa sikiliza na hili. Nilikuandikia habari za mnyororo na turubai kana kwamba pikipiki ndiyo roho yangu. Nilikosea mpangilio. Wakija, waache waichukue. Usitoke na mkasi. Usipige kelele za sanda. Kaa ndani, komea, nyamaza. Yule mama wa milimani nitamfuata kwa miguu, nitalala njiani, nitajua mwenyewe. Wewe nikikukosa nitakufuata wapi?

Nakuomba kwa maziwa uliyoninyonyesha.

Mwanao


Alhamisi, 20 Mei

Mwanangu,

Unaniuliza kama mimi ni mzima. Mzima ndiyo.

Barua zako mbili nimezipata juzi, zote pamoja. Nimezisoma nimesimama, nikaenda uchochoroni na dereva, nikakitoa kile kimto. Waya zimekatwa, mwanangu. Zimekatwa sawasawa, kama mtu aliyepima na chaki. Siku chache baada ya kukivisha, mimi kusikia kimya nikajisifu kwa jirani, "Sikia kazi yangu, hata nyuki hasikiki!" Kumbe kilikuwa kimeshakufa, na mimi nimekivisha nguo nzuri.

Dereva akaukagua mnyororo. Upande wa ukutani, nisikotazama, pete moja imekerezwa karibu kuisha. Wameipaka sabuni iliyochanganywa na masizi, huwezi kuona mpaka upitishe kidole. Imeachwa kama nguo iliyoshikiliwa na uzi mmoja. Mtu akivuta tu, imekwisha.

Nikakaa pale pale chini. Nimeogopa, mwanangu. Baba yako alipofariki niliogopa kesho itakuwaje. Hii ni nyingine. Hii ina uso, ina meno meupe, inaniita mama.

Dereva alitaka kuipakia pikipiki aondoke nayo. Nikataka kukubali, halafu nikafikiri: wakija wakakosa walichokifuata, wakanikuta mimi? Tukaenda kwa askari wa kituo, yule mnene niliyempunguzia koti. Kasema tusiguse kitu, kimto kirudi kilipokuwa, ila plagi ichomolewe ili isiwake. Na mimi niendelee kushona kana kwamba sijui lolote. Rahisi kusema! Nimeketi hapa na ovaroli yake mapajani. Naujua upana wa mabega yake, naujua urefu wa mikono yake, nikiukunja mkono wa nguo nauona mkono wa mtu.

Jana alipita. Akasimama pale mlangoni, jua nyuma yake.

"Hujambo mama? Pikipiki haikusumbui tena?"

"Haisumbui, mwanangu. Imetulia."

"Si nilikuambia? Na ile harusi ya Jumamosi mtaa wa pili, wewe huendi? Nasikia wote wanakwenda."

Sindano ikaniingia kidoleni mpaka mfupa, wala sikupiga kelele. Nikamwambia siendi, nabaki kumalizia nguo yake. Akatabasamu. Akasema ataijia mwenyewe siku hiyo hiyo ya harusi, na atakuja na rafiki yake anisalimie.

Nikamwambia karibuni.

Sijamsimulia mtu mtaani, wewe nishangae. Ni wale tu wanaohusika. Jirani atampeleka mtoto kwa dada yake, mume wake atabaki ndani na taa imezimwa kama wameondoka. Mjomba wako atakuja na wanawe, wakae chumba cha nyuma na wasikohoe. Askari na wenzake wataingilia upande wa zahanati. Mganga mkuu anasema naye hatakaa mbali. Umesema nikae ndani nikomee, nami nimekusikia: wakifika nitawakabidhi nguo mlangoni, nitarudi ndani na kukomea, na mkasi nitamwachia shangazi yako asubuhi. Naapa.

Fanya mtihani wako, ufaulu, usiniwazie kalamu mkononi. Kama utasali, sali mchana. Ovaroli imebaki vifungo tu. Wageni wangu wote, wa kheri na wa shari, nimewaambia Jumamosi.

Mama yako