Sweta Lililobaki Mkono Mmoja

Jumamosi, Julai

Sijalia hata leo, wakati wa kugawa nguo za marehemu bibi. Ukungu ulijaa hadi sebuleni. Shangazi alinirushia sweta ambalo bibi alikuwa ananifumia, la rangi zote, limebaki mkono mmoja, na kikapu cha nyuzi.

"Malizia wewe, msomi. Au hilo halimo vitabuni?"

Ndugu wote wakacheka. Nikacheka pia, basi.

Sijui kufuma mkono. Naogopa nikikosea nitafumua hata kazi ya bibi.

Jioni nililivaa hivyo hivyo, nikampelekea Tomi, mbwa wa bibi, chakula. Tangu mazishi halali kwingine ila kaburini, kwenye migomba. Alilinusa sweta, akatikisa mkia, kisha akautazama mlango wa jikoni, nyuma yangu, alikozoea kumwona bibi akitokea.

Nami nikageuka kutazama.